Chapa ya Mtu na Ukweli Wake: Mkristo Anapojitangaza Katika Biashara



Katika makala hii tunakusudia kutafakari pamoja jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kila siku, pengine bila kulipa jina. Jambo hilo ni kujitangaza. Mama anayeuza vitenge anapiga picha na kuiweka kwenye status ya WhatsApp. Fundi umeme anabandika namba yake ya simu kwenye nguzo. Mwalimu wa masomo ya ziada anaorodhesha wanafunzi wake waliofaulu. Hawa wote wanajenga kile ambacho watu wa biashara hukiita chapa binafsi, yaani ile sura ambayo watu wanaiona mara tu jina la mtu linapotajwa.

Swali letu ni hili: je, Mkristo anaweza kujitangaza ili apate riziki na bado akabaki mkweli? Na kama anaweza, mpaka uko wapi?

Tutaanza na kisa kilichotupata sisi wenyewe, kwa sababu si vema kuwafundisha wengine juu ya ukweli huku tukiuficha wa kwetu.

Kisa cha mayai

Seminarini kwetu tuna mradi mdogo wa kuku wa kienyeji. Mayai huuzwa kwa waamini baada ya Misa ya Dominika, na mapato husaidia mahitaji madogo ya nyumba. Sisi tuliokabidhiwa mradi huo tulitengeneza tangazo, tukalisambaza kwenye makundi ya jumuiya ndogondogo. Lilikuwa na picha ya frateri aliyevaa kanzu, ameshika trei, na chini yake maneno: "Mayai ya kienyeji kutoka seminari."

Mayai yalinunuliwa kuliko tulivyotazamia. Baada ya muda oda zikawashinda kuku. Kila mfugaji anajua kwamba kuku wa kienyeji hatagi mwaka mzima. Akiatamia au akilea vifaranga, husimama. Badala ya kuwaambia wateja kwamba mayai yamepungua, tulianza kujazia. Tulinunua mayai ya kuku wa kisasa kwa jirani, tukachagua yale madogo yanayofanana na yetu, tukayachanganya kwenye trei na kuyauza yote kwa bei ya kienyeji. Tulijifariji kwamba ni kwa muda tu, na kwamba fedha haziingii mifukoni mwetu.

Mteja wetu mkubwa alikuwa mama mmoja mwenye kibanda cha chakula. Dominika moja alituomba tuongee naye pembeni. Hakupandisha sauti.

"Wanangu mafrateri," alisema, "mayai haya siyo yale. Nimeyavunja mwenyewe, kiini kimepauka. Mimi wateja wangu huwa nawaambia haya ni mayai ya seminari. Sasa wakiniuliza, niwajibu nini?"

Hatukuwa na jibu. Mama yule hakulalamikia fedha yake. Alilalamikia neno lake. Tulikuwa tumelitumia jina la seminari kumshawishi, naye akalitumia kuwashawishi wengine, na hivyo uongo wetu ukawa unasemwa na kinywa chake bila yeye kujua. Siku ile tulianza kuelewa kwamba jina ambalo watu wanaliamini ni amana, na amana huweza kuibwa hata na mwenye jina.

Chapa ni nini?

Neno chapa si geni kwetu. Wafugaji huichoma ngozi ya ng'ombe kwa chuma cha moto ili ijulikane ni wa nani. Baadaye wenye viwanda walitia alama zao kwenye bidhaa ili mnunuzi ajue zimetoka wapi na nani wa kumlaumu zikiwa mbovu. Kwa hiyo tangu mwanzo chapa ilikuwa na kazi mbili: kutambulisha na kuwajibisha.

Mwaka 1997 mwandishi Mmarekani Tom Peters aliandika makala katika jarida la Fast Company akihimiza kila mtu ajione kama kampuni, na jina lake kama chapa ya kuijenga na kuitangaza. Fikra hiyo imeenea sana, na mitandao ya kijamii imeipa nguvu zaidi. Katika mwaka uleule, tarehe 22 Februari 1997, Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati kuhusu maadili katika matangazo ya biashara. Hati hiyo haikulaani matangazo. Ilikiri kwamba yanaweza kuwasaidia watu kuchagua vema na kukuza uchumi. Lakini iliweka misingi mitatu ya kuyapima: ukweli, hadhi ya binadamu, na uwajibikaji kwa jamii.

Wengine watatukumbusha methali ya wahenga kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Je, maana yake ni kwamba mwenye bidhaa njema anyamaze? Hatudhani. Methali inatuonya dhidi ya kutumia kelele kuziba ubovu. Lakini fundi hodari asiyejulikana hukosa kazi, na watoto wake hulala njaa. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwamba taa haiwashwi ili ifunikwe (Mt 5:15). Taa ikiwekwa juu ya kinara, huonesha kilichomo ndani ya nyumba. Ndivyo tangazo jema linavyopaswa kufanya: kuonesha kilichopo.

Chapa tuliyokwisha kupewa

Hapa imani yetu ina neno ambalo vitabu vya biashara havina. Vitabu hivyo humwambia mtu ajitengenezee chapa kana kwamba anaanzia patupu. Mkristo haanzii patupu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba Ubatizo humtia mwamini alama ya kiroho isiyofutika, inayoonesha kwamba yeye ni mali ya Kristo (KKK 1272). Kipaimara na Daraja Takatifu nazo hutia alama ya namna hiyo. Ng'ombe hajichomi chapa mwenyewe. Hutiwa na mwenye mali. Nasi tumetiwa muhuri na Yeye aliyetununua kwa damu yake.

Jambo hili lina matokeo mawili katika biashara. Kwanza, thamani yangu haitegemei idadi ya wafuasi au oda za leo. Kijana anayejua hivyo hana sababu ya kuazima gari la mtu ili apige picha ya kuonekana amefanikiwa. Pili, kila ninachokiuza, nakiuza nikiwa na alama ya Kristo juu yangu. Watu wakijua kwamba mimi ni mwenyekiti wa jumuiya, mwanakwaya au frateri, na wakagundua kwamba nimewadanganya, aibu haiishii kwangu.

Maandiko yanasemaje?

Maandiko Matakatifu hayaoni aibu kuzungumza habari za sokoni. Kitabu cha Walawi kinaamuru mizani, mawe ya kupimia na vipimo vya haki (Law 19:35-36). Mithali inasema kwamba mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana (Mit 11:1). Nabii Amosi anawakemea wafanyabiashara wanaopunguza kipimo, wanaoongeza bei na kuuza hata takataka za ngano (Amo 8:4-6). Mkulima wetu aliyewahi kulazimishwa kujaza gunia la lumbesa anaelewa vizuri hasira ya Amosi.

Tangazo nalo ni aina ya mizani. Mnunuzi haoni bidhaa yote wala hajui historia yake. Hupima kwa kile alichoambiwa. Ukichezea maneno na picha, umechezea mizani.

Katika Agano Jipya tunamkuta Lidia, mwanamke wa Thiatira, muuza nguo za zambarau, ambaye Bwana aliufungua moyo wake naye akawakaribisha Mitume nyumbani kwake (Mdo 16:14-15). Hakuambiwa aache biashara. Mtume Paulo mwenyewe alishona mahema (Mdo 18:3), na kwa kuwa alifanya kazi kwa mikono yake, aliweza kusema kwa ujasiri kwamba yeye si kama wale waliolifanya Neno la Mungu kuwa bidhaa ya kuchuuza (2 Kor 2:17). Upande mwingine tunawaona Anania na Safira (Mdo 5:1-11). Petro alisema wazi kwamba shamba na fedha vilikuwa vyao. Hawakulazimishwa kutoa chochote. Kosa lao lilikuwa kutaka jina la watu waliotoa vyote, hali wamebakiza sehemu. Walitaka sura ambayo hawakuilipia.

Somo kutoka kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino

Mtakatifu Tomaso, katika Summa Theologiae, anauzungumzia ukweli kama fadhila inayomfanya mtu ajioneshe kwa maneno na matendo jinsi alivyo. Fadhila hii iko katikati ya vilema viwili. Upande mmoja kuna majigambo, yaani kujisifia kuliko ulivyo. Upande mwingine kuna kujishusha kwa uongo, yaani kukana jema ambalo unajua unalo. Wengi tunadhani kilema cha pili ni unyenyekevu. Fundi aliyefanya kazi miaka ishirini akisema "mimi sijui kitu", hasemi kweli. Hata hivyo, Tomaso anaongeza kwamba mwenye busara huelekea kujisema kwa uchache, kwa kuwa anayejikweza huwachukiza wenzake.

Akimfuata Aristoteli, anasema pia kwamba kujigamba kwa ajili ya faida ni kubaya kuliko kujigamba kwa ajili ya sifa, kwa sababu humdhuru jirani. Aristoteli alitaja mfano wa watu wanaojidai kuwa matabibu au waaguzi: wanachagua kazi ambazo watu wanazihitaji sana na ambazo uongo wake hautambuliki upesi. Tunapowasikia leo wanaotangaza dawa ya kutibu magonjwa yote, au maombi yenye bei, tunaona kwamba wahenga wale walikuwa wameshawatambua.

Lakini fundisho lililotusaidia zaidi baada ya kisa cha mayai ni lile kuhusu kasoro za bidhaa (II-II, swali la 77). Tomaso anafundisha kwamba kama kasoro imefichika na inaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji anawajibika kuisema. Anatoa mifano ya farasi kilema anayeuzwa kama mwenye mbio, nyumba inayotaka kuanguka na chakula kilichooza. Kama kasoro inaonekana wazi, mfano farasi mwenye jicho moja, halazimiki kuitaja, mradi bei iwe ya haki. Tena anaongeza jambo la busara: muuzaji halazimiki kuitangaza kasoro hiyo kwa mpiga mbiu sokoni, maana angewafukuza wanunuzi wote kabla hawajaona mazuri ya bidhaa. Inatosha amwambie yule anayekuja kununua.

Fundisho hili linaondoa hofu ya wengi. Siku hizi baadhi ya watu hudhani kwamba kuwa mkweli mtandaoni ni kuanika kila kitu: madeni, ugomvi wa nyumbani, machozi. La hasha. Ukweli hautudai tuwape wapita njia siri zetu. Unatudai tusimwache mtu alipe fedha akiamini jambo ambalo sisi tunajua si kweli.

Fundi nguo wa Cremona

Kanisa lina mfano wa mlei aliyejenga jina jema kwa biashara. Mtakatifu Homobono alikuwa mfanyabiashara na fundi nguo katika mji wa Cremona, Italia. Alikuwa na mke, alijulikana kwa uaminifu katika kazi yake na kwa ukarimu kwa maskini. Alifariki akiwa Misani tarehe 13 Novemba 1197, na Papa Inosenti III alimtangaza mtakatifu mwanzoni mwa mwaka 1199, chini ya miaka miwili baadaye. Leo ni msimamizi wa mafundi nguo na wafanyabiashara. Jina lake lina maana ya mtu mwema. Chapa yake ilikuwa jina lenyewe, na watu wa Cremona waliona kwamba jina na mtu vinalingana.

Hali ya mitandao

Mwaka 2011, katika ujumbe wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani, Papa Benedikto XVI alizungumzia ukweli na uhalisia wa maisha katika zama za kidijitali. Alionya juu ya kishawishi cha kujitengenezea sura ya bandia mbele ya umma, akawakumbusha vijana kwamba mtu anayeshiriki mtandaoni hushirikisha nafsi yake. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, aliijua kompyuta vizuri na akaitumia kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi. Papa Fransisko alimtaja katika Christus Vivit (2019) kama kijana aliyeona jinsi wenzake wanavyoishia kufanana wote, huku wakidhani wanajitofautisha.

Uongo wa mitandaoni una sura zake, na tunazijua. Fundi cherehani anatumia picha za nguo alizoshona mwingine. Muuzaji ananunua wafuasi ili aonekane na wateja wengi. Mwingine anajiandikia ushuhuda kwa jina la mteja asiyekuwepo. Kuna anayejiita "daktari" au "mshauri" baada ya semina ya siku mbili. Wapo wanaoweka Rozari na picha ya Misa katikati ya matangazo ili wateja Wakatoliki wawaamini. Hili la mwisho tulipime kwa makini. Kuonesha imani si kosa, lakini kuifanya imani kuwa chambo ni karibu na dhambi ya Simoni Mchawi (Mdo 8:18-20).

Tufanye nini?

Kutokana na mafundisho haya, tunapendekeza hatua chache ambazo mwamini mwenye biashara, kubwa au ndogo, anaweza kuzifuata.

Kwanza, onesha kazi yako mwenyewe. Kama umeanza juzi na huna picha nyingi, weka hizo tatu ulizonazo. Ukitumia picha ya mwingine kama mfano wa mshono, sema kwamba ni mfano.

Pili, ahidi kidogo kuliko unavyoweza. Fundi akijua nguo itakuwa tayari Ijumaa, asiseme Jumatano ili asimpoteze mteja. Atampoteza Alhamisi, tena kwa hasira.

Tatu, mwambie mnunuzi kasoro kabla hajalipa. Simu iliyowahi kufunguliwa, unga wa msimu uliopita, shamba lenye mgogoro wa mpaka, yote haya yasemwe.

Nne, taja sifa zako jinsi zilivyo. Kama una cheti, kioneshe. Kama ulijifunza kwa mjomba wako gereji, sema hivyo, hakuna aibu.

Tano, usijenge jina lako kwa kubomoa la mwenzako. Amri ya nane inakataza pia usengenyaji na usingiziaji (KKK 2477).

Sita, ukikosea, rudisha. Katekisimu inafundisha kwamba kila kosa dhidi ya haki na ukweli linadai malipizi, hata kama mtenda amesamehewa (KKK 2487). Zakayo hakuishia kuomba radhi. Alitaja kiasi atakachorudisha (Lk 19:8).

Neno kwa waseminari wenzetu

Sisi hatufanyi biashara kwa ajili yetu, lakini tuna chapa. Kanzu ni chapa. Neno "frateri" ni chapa, na watu hulikopesha imani kabla hatujafanya lolote la kuistahili. Tunapopiga picha tukigawa msaada kwa wazee, tujiulize kama tungekwenda bila simu. Tunapoweka homilia tuliyoichukua mahali pengine, tuseme imetoka wapi. Mazoea tunayoyajenga sasa tutayapeleka altareni. Padre aliyezoea kutengeneza sura yake tangu seminari, siku atakapochoka au kushindwa, hatakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu hakuna aliyewahi kukutana naye jinsi alivyo.

Hitimisho

Turudi kwenye mayai. Baada ya kuzungumza na Baba Mlezi, tulisimama wakati wa matangazo ya Dominika na kueleza tulichofanya. Tuliwarudishia tofauti ya bei wale waliokuja. Tangazo tulilibadilisha, sasa linasema ni trei ngapi zilizopo wiki hiyo, na wiki nyingine linasema hakuna. Mauzo yalipungua, na hadi leo hayajafikia yalivyokuwa. Mama wa kibanda bado ananunua kwetu, lakini kila Dominika huvunja yai moja kwanza mbele yetu na kulitazama. Mwanzoni jambo hilo lilituumiza. Sasa tunabeba kibakuli sisi wenyewe na kumpa. Ana haki ya kupima, na sisi tuna deni la kupimwa mpaka yeye mwenyewe atakapoona inatosha.

Maswali ya kutafakari, binafsi au katika jumuiya

1. Mtu anayenifahamu kwa matangazo yangu tu akija kuishi nami wiki moja, atashangazwa na nini?

2. Je, kuna mteja anayetumia neno langu kuwahakikishia wengine? Neno hilo ni la kweli?

3. Ni katika jambo gani ninajigamba, na ni katika lipi ninajishusha kwa uongo?

4. Kuna mtu ninayepaswa kumrudishia kitu kabla ya Dominika ijayo?

Mtakatifu Homobono, utuombee.